Nilisema Hakuna Anayesali Pale

Bhoke, mama,

Habari za safari mama yako amezimaliza. Amekueleza mahali pa kugonga mhuri pale Sirari, namna ya kumsalimia mama yako mdogo ukifika Migori, na sweta la kuvaa Kisumu mvua ikinyesha. Mimi hapo sina la kuongeza. Umekwenda kumuaga bibi yako na majirani, nyumba imetulia, nami nimekaa kwenye meza yako ya kusomea kwa sababu ile ya sebuleni mama yako ameijaza vitu vyako. Nataka kukuandikia jambo ambalo nilipaswa kukuambia kwa mdomo miaka mingi iliyopita. Wiki hii nimejaribu mara tatu. Jana studio ukaniuliza, "Baba, mbona unanitazama hivyo?" nikajibu kwamba natafuta kifuniko cha lenzi.

Ni kuhusu ile picha ya kanisa la Ringwani.

Najua unavyoipenda. Imekaa pale studio Bomani, ukutani juu ya kiti cha wateja, tangu ukiwa darasa la pili. Mwanga unaingia kwenye tundu la paa, unaangukia majani makavu yaliyojaa sakafuni, na nyuma yake mimbari imesimama peke yake. Watu wanaokuja kupiga picha za pasipoti huigeukia nikiwa nimeshawaambia watazame mbele. Ulipoanza kuchukua kamera yangu na kwenda kwenye majengo yaliyoachwa, ule msikiti mdogo wa waliokuwa wanunuzi wa pamba, lile kanisa ambalo mkuyu umeota madhabahuni, uliniambia unatafuta mwanga kama ule. Na yule mama wa Kisumu anayetengeneza kitabu cha nyumba za ibada zilizoachwa kuzunguka ziwa alipotaka kuona kazi zako, ulimpelekea zako na ile yangu moja, ukaandika kwamba hapo ndipo ulipojifunza kuona. Akakupa kazi. Akataka na picha yangu iwe ya kwanza kitabuni, akatuma karatasi ya ruhusa niisaini. Ulinisomea maneno yatakayokaa chini yake: "Kanisa lililoachwa, Ringwani." Ukasubiri nifurahi. Nikavaa uso wa mtu aliyefurahi, nikasema nitasaini kesho. Mwezi umeisha, karatasi bado ipo kwenye droo.

Kanisa lile lilikuwa halijaachwa, Bhoke.

Mwaka ule studio ilikuwa inakufa. Simu zenye kamera zilikuwa zimeanza kuingia kutoka ng'ambo, na watu wakawa wanapigana picha wenyewe hata harusini. Siku moja akaja meneja wa kambi ya watalii upande wa Robanda, mtu wa Arusha, kutengeneza picha za vitambulisho vya wafanyakazi wake. Akatazama kazi zangu ukutani, akaniambia, "Simba ninao. Kila kambi ina simba ukutani. Mimi nataka kitu cha watu wa huku, cha zamani, chenye huzuni kidogo. Wageni wanapenda."

Nilikuwa nimesikia habari za kanisa la mawe huko Ringwani. Waumini walikuwa wamejenga kanisa jipya kubwa kando ya barabara, wakahamia huko. Jumapili moja nikapanda pikipiki nikaenda.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni sakafu. Ilikuwa imefagiwa. Paa lilikuwa na matundu mawili matatu, popo wamejaa darini, lakini chini palikuwa safi kama ua wa mtu anayengoja wageni. Juu ya mimbari kulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lenye maua ya manjano ya porini. Bibi mmoja mwembamba alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, ufagio umelala miguuni pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura." Aliniita mura, kijana, na mimi nilikuwa nimeshakupata wewe. "Umekuja kusali au kuangalia?"

"Kuangalia."

"Basi futa viatu. Nimefagia."

Jina lake Wegesa. Alikuwa mjane wa mwalimu wa dini wa kanisa lile, mwanaume aliyepasua yale mawe na wenzake na kuyapanga, na kaburi lake lilikuwa hapo hapo nje, karibu na ukuta. Nilimuuliza kwa nini hasali na wenzake kule barabarani. Akafikiri kidogo.

"Kule wana spika," akasema. "Mungu akinijibu sitamsikia."

Akacheka, nami nikacheka. Akafungua kikapu chake akanipa viazi vitamu vya kuchemsha, tukala tumekaa kwenye benchi moja. Nilipomwomba nipige picha, akasema, "Piga ukuta, piga mlango, piga hata mimi. Ila ukinikuta naomba, subiri nimalize." Nilisubiri. Nataka ulijue na hilo, kwamba siku ya kwanza niliweza kusubiri.

Filamu ikasafishwa Mwanza, nikampelekea meneja. Akazitazama moja moja, akazirudisha mezani. "Hili ni kanisa tu," akasema. "Bibi anafagia kanisa. Mimi nataka mahali palipokufa."

Nikarudi Jumatano. Nilijua Bibi Wegesa hayupo, kwa sababu katikati ya wiki alikuwa shambani. Nilikwenda na gunia. Nikakusanya majani makavu kule nje nikayamwaga sakafuni, nikayatawanya kwa mguu mpaka yakakaa kama yaliyoletwa na upepo wa miaka. Kopo la maua nikalificha nyuma ya ukuta. Benchi lake nikaliburuta nje. Kisha nikangoja hadi saa kumi, jua likaingia kwenye tundu, nikapiga. Nilijua wakati ule ule kwamba nimepata. Nilifurahi, na sidhani kama nimewahi kufurahia picha hivyo tena.

Benchi nililirudisha. Kopo nililirudisha. Majani niliyaacha, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na sikutaka kukutana na tembo njiani. Nilijiambia ni majani tu, atayafagia. Jumapili aliyafagia, na bila shaka alidhani ni upepo.

Meneja alipoiona ile picha aliisogeza dirishani, asitambue kwamba ni kanisa lile lile la bibi. Halafu akauliza, "Bado panatumika?"

"Hapana," nikasema. "Pameachwa siku nyingi."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini jibu lilitoka haraka vile. Hakunibana. Ningeweza kusema ni kwa yule bibi, na labda angeichukua picha hivyo hivyo. Lakini picha ilikuwa inasema hakuna mtu, na mimi nilikuwa upande wa picha.

Baadaye akataka kupaona. Nikampeleka siku ya kazi. Alipitisha kiganja kwenye mlango, mbao za mninga, akaugonga kwa vidole, akatazama mabenchi. Wiki haikupita akawa amezungumza na kamati ya kanisa. Yeye alitaka mlango, fremu za madirisha na mabenchi, avipeleke kwenye ukumbi wa chakula pale kambini. Wao walitaka mabati yale waezekee jiko la kanisa jipya. Nikaitwa kwenye kikao. Mwenyekiti alikuwa mzee Mwita, mtu mpole, mwenye sauti ya chini.

"Fundi," akaniambia, "wewe siku hizi unashinda pale kuliko sisi. Hatutaki kubomoa nyumba ambayo mtu anaitumia. Kuna anayesali pale?"

Meneja alikuwa amekaa pembeni yangu. Alikuwa amesema anataka picha nyingine nyingi za namna ile. Na nilikuwa nimeshamwambia hakuna mtu.

"Sijaona mtu," nikasema. "Hakuna anayesali pale."

Mzee Mwita akaandika.

Sikuwepo walipobomoa. Nilirudi karibu miezi miwili baadaye, Jumapili asubuhi, na sababu iliyonipeleka ndiyo inayoniaibisha kuliko yote. Nilitaka kuona mwanga unaingiaje bila paa. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Nilisimamisha pikipiki nikasikia ufagio. Bibi Wegesa alikuwa ndani ya kuta nne zisizo na kitu juu, anasukuma maji kwa ufagio wa majani kuyatoa pale palipokuwa mlangoni. Gauni lilikuwa limelowa mpaka magotini. Kopo la maua alikuwa ameliweka chini, kwa sababu mimbari nayo ilikuwa imeondoka.

Aliponiona aliegemea ufagio.

"Afadhali umekuja wewe," akasema. "Wameniambia kuna mtu alithibitisha kwamba hapa hakuna anayesali. Hawataki kumtaja. Wewe unanijua. Ulikula viazi vyangu hapa hapa. Nenda ukawaambie nipo."

"Nitawaambia, mama."

"Lini?"

"Leo."

Akashukuru, Bhoke. Akaendelea kusukuma maji. Mimi nikawasha pikipiki, nikapita mbele ya kanisa jipya, nikasikia wanaimba kwenye spika zao, na sikupunguza hata mwendo. Nilipofika nyumbani ulikimbia hadi barabarani ukanidai muwa, maana nilikuwa nimekuahidi. Sikuwa nao. Nilikukaripia mbele ya watoto wa jirani kwamba una tamaa, ukalia mpaka ukapata kwikwi. Huenda hukumbuki. Mimi nakumbuka ulivyokuwa umevaa.

Mvua za mwaka ule ziliangusha ukuta wa nyuma. Nilisikia kwa mteja mmoja wa Ringwani kwamba binti yake Bibi Wegesa, anaitwa Robi, amemchukua mama yake akaishi naye Mugumu. Nilipokea habari ile kama mtu aliyetuliwa mzigo. Amepata mahali pakavu, nikajiambia, huenda hata ni heri. Meneja naye alihamishwa kambi, na zile picha nyingi alizoahidi hazikuja. Nakala moja ikabaki kwangu, nikaitundika. Ulipoanza kuniuliza nikakuambia hadithi ya kanisa lisilo na mtu, na kila mwaka hadithi ikazidi kunyooka. Ule upepo uliojaza majani niliutunga mimi, na wewe umeuandika kwenye barua yako ya maombi ya kazi.

Bado naiona nzuri ile picha. Nimejaribu kuiona mbaya, nimeshindwa. Mwanga ule ulikuwa wa kweli, jua halikudanganya. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba uongo huonekana kwenye picha, ukitazama vizuri utaugundua. Hauonekani. Wewe una jicho kuliko mimi, na umeitazama miaka yote hii.

Na sisemi uache kupiga nyumba zilizoachwa. Zipo zilizoachwa kweli, na ni vizuri mtu mmoja aende akazitazame kabla hazijaanguka, asimame pale bila haraka, aone rangi ya bluu iliyobaki juu ya dirisha ambayo mtu alipanda ngazi kuipaka. Ila ukiingia mahali ulikoambiwa hakuna mtu, ukakuta sakafu imefagiwa, weka kamera chini uulize ni nani anafagia. Usiondoke kabla hujampata. Ukimpata, na akawa anaiharibu picha uliyoitaka, basi ndiyo picha yenyewe imekufikia. Mimi nilikuwa nayo. Ile filamu ya kwanza, yenye bibi na ufagio, meneja alipoikataa niliitupa.

Sasa nikueleze nilikokwenda wiki mbili zilizopita, siku ile niliyokuambia nafuata vifaa. Nilikwenda Mugumu. Karatasi ya Kisumu ilikuwa inanichoma. Kila ulipopita mbele ya droo nilidhani utaifungua.

Bibi Wegesa yu hai. Amezeeka sana, macho yameondoka, anakaa kwenye kiti cha kamba barazani kwa Robi. Robi alinikaribisha chai kabla hata hajaniuliza nimefuata nini. Nikainama mbele ya bibi nikasema shikamoo, mimi ni yule mpiga picha wa Tarime, niliyekuja Ringwani.

"Ringwani," akasema. Akashika mkono wangu. "Umepita pale?"

"Nimepita, mama."

Na kweli nilikuwa nimepita. Umebaki ukuta mmoja, kuna mahindi ndani, mawe mengine watu wamejengea. Sikutoa kamera.

"Mlango umefungwa?" akauliza. "Mbuzi wa jirani wanaingia, wanakula maua."

Nikainua macho. Robi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ananitikisia kichwa, usiseme.

"Umefungwa, mama," nikasema.

"Vizuri."

Nilikuwa nimekwenda kutubu uongo mmoja, nikaongeza wa pili. Wa pili nadhani nitasamehewa, ingawa sina uhakika. Ulitoka mdomoni kwa wepesi ule ule.

Tulipotoka nje na Robi nilimweleza yote, gunia, majani, kikao. Hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Mama alikungoja. Nilipokwenda kumchukua alikataa kupanda gari. Alisema fundi wa Tarime amekwenda kuwaambia, akirudi atatukosa. Nilimbeba."

Nikasema naomba msamaha.

"Mimi sikuwepo kwenye kikao," akasema. "Unataka nikusamehe ili ulale? Usinitwishe mimi. Nenda kwa hao uliowaambia."

Nikaenda, siku hiyo hiyo. Mzee Mwita nilimkuta nyumbani kwake, anamenya mihogo. Hayumo tena kwenye kamati. Nilimwambia kwamba siku ile nilisema uongo, kwamba Bibi Wegesa alikuwa anasali pale kila Jumapili na mimi nilijua. Aliendelea kumenya hadi mhogo ukaisha mkononi.

"Tulikuwa tunajua," akasema.

"Mlijua?"

"Kwake si unapaona hapo? Moshi wake tulikuwa tunauona kila asubuhi. Mke wangu alikuwa anampa chumvi. Tulimwona akipita na ufagio wake." Akachukua mhogo mwingine. "Tulitaka mtu asiye wa hapa aseme. Ili tusiwe sisi. Hukutudanganya, fundi. Ulitusaidia."

Nilidhani nikishajua kwamba siko peke yangu nitapumua. Maneno yale yamenikaa vibaya kuliko ya Robi. Walinitazama usoni siku ile, wazee kumi wenye akili zao, wakaona huyu ndiye mtu wa kazi hii. Na waliona sawa.

Nilimwomba waende Mugumu kumsalimia, yeye na wenzake waliobaki hai. Akasema watakwenda. Sijasikia kama wamekwenda.

Limebaki la Kisumu, na hapa nimekukosea upya. Leo mchana nimemwandikia yule mama wa kitabu, bila kukuuliza. Nimemweleza picha ilivyotengenezwa na kilichofuata. Nimemwambia sitasaini, na kwamba wewe ulikuwa hujui, yale uliyoyaandika kuhusu picha ile uliyaandika kwa sababu baba yako alikudanganya. Nilitaka kwanza nikuambie wewe, uamue wewe, kisha nikamkumbuka Robi. Ningekuwa nakutwisha mzigo wangu uvuke nao mpaka. Lakini kazi ni yako na jina ni lako, na inawezekana nimelichafua siku moja kabla hujaanza. Nilikaa na simu mkononi zaidi ya saa nzima. Jibu limekuja fupi: "Nimesoma. Wacha Bhoke akuje, tutaongea." Sijui maana yake. Ninakunukulia kama lilivyo ili usiende ukashangaa mbele yake.

Ukikasirika utakuwa na haki. Nilikulea chini ya picha ile. Ulipokuwa unaniletea picha zako za kwanza nilikuwa nakusahihisha mwanga, nakuambia huu mkali, huu umefifia, na hata siku moja sikukuuliza nani alikuwa ndani ya lile jengo ulipofika. Siku ulipokuja na picha ya kanisa lenye mkuyu, kulikuwa na mzee mmoja pembeni, nikakuambia umkate, anaharibu. Ulimkata. Kama bado unayo ile picha nzima, itunze.

Barua hii naiweka juu kabisa ya begi lako, si chini ya nguo, ili uisome ukiwa bado hapa Tarime. Asubuhi nitakuwa jikoni nachemsha chai. Studio siendi mpaka uje uniambie la kuniambia, na kama huna la kuniambia, nitakushikia begi hadi kituoni hivyo hivyo.

Ni mimi baba yako, Marwa.